Anzeni na bili: mwongozo wa mhasibu kwa halmashauri inayotaka kupunguza hewa ukaa na kulinda uoto wake

Mimi ni mhasibu wa halmashauri, si mtaalamu wa tabianchi. Niliingizwa kwenye kamati ya mazingira kwa sababu kila waraka wa mazingira ulikuwa unafika mezani kwangu kutafuta fungu na kukwama hapo, na wakubwa wakaona afadhali mkwamishaji akae ndani ya kikao. Tangu hapo nimeshuhudia maazimio mengi yakipitishwa kwa makofi, yakapigwa muhuri, kisha yakaingia kabatini. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa upande wa hesabu. Nawaandikia madiwani, wakuu wa idara, na mwananchi yeyote anayetaka kuibana halmashauri yake kwa hoja ambazo haiwezi kuzikwepa.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Gesi joto za halmashauri zimo kwenye mikataba ya kila mwaka, ile inayohuishwa bila mtu kuisoma upya: kuzoa taka, mafuta ya magari, taa za barabarani, kufyeka nyasi, kujenga mitaro. Badilini maneno ya mikataba hiyo na mtakuwa mmebadili moshi unaotoka na viumbe wanaobaki hai kati yenu. Mkiiacha ilivyo, hata mpande miche kila wiki mbele ya kamera, mmefanya sherehe tu.

Kusanyeni bili kabla ya kumwita mshauri

Ombeni bili za miezi 12 iliyopita: umeme kwa kila mita, dizeli na petroli kwa kila gari na kila jenereta, gesi ya kupikia ya shule na zahanati, malipo ya kuzoa taka, matengenezo ya viyoyozi. Zipangeni kwenye jedwali moja lenye mwezi, kiasi na fedha iliyolipwa. Kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji karani mvumilivu na barua ya mkurugenzi inayoziamuru idara zitoe nyaraka.

Kisha geuzeni kiasi hicho kuwa hewa ukaa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa, na lita ya petroli takribani kilo 2.3. Umeme unategemea unakotoka: uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe inakaribia kilo nzima, ya maji au upepo ni kidogo mno. Kiwango cha gridi yenu kiulizeni kwenye shirika la umeme au wizara ya nishati, wanacho.

Faida ya kwanza ya jedwali hili haitakuwa ya tabianchi hata kidogo. Mtakuta mita isiyo na mwenyewe: ya jengo lililofungwa, ya kibanda kilichobomolewa, ya pampu iliyohamishwa, na bado inalipiwa kila mwezi. Mtakuta gari lililo juu ya mawe karakana likiendelea kunywa mafuta kwenye karatasi. Mambo haya yapelekeni kwenye kamati ya fedha bila makelele, maana ndiyo yatakayomfanya diwani asiyejali hewa ukaa aanze kuwasikiliza.

Tenganisheni vitabu viwili. Kimoja ni cha halmashauri yenyewe: majengo, magari, taa, pampu. Kingine ni cha eneo lote: wakazi, viwanda, mabasi, mashamba. Hiki cha pili ni kikubwa zaidi kwa mbali. Kwa kazi hiyo kuna kanuni ya kimataifa ya kuhesabu gesi joto za miji, inayojulikana kama GPC, iliyotolewa mwaka 2014 na taasisi ya utafiti ya WRI, mtandao wa miji mikubwa wa C40 na mtandao wa serikali za mitaa wa ICLEI. Inazigawa gesi katika mafungu matatu: zinazotoka ndani ya mipaka yenu, zinazotokana na umeme wa gridi mnaoutumia, na zinazotoka kwingine kwa sababu yenu, kwa mfano taka zenu zinazoozea kwenye dampo la jirani. Fungu la tatu ndilo watu hupenda kulisahau. Lakini msisubiri vitabu vikamilike ndipo mfanye jambo. Makadirio yaliyoandikwa waziwazi kuwa ni makadirio yanatosha kuanzia, na mkaguzi hana ugomvi nayo.

Taka: hapa ndipo penye mzigo

Mkiwa na nguvu ya kushika jambo moja tu, shikeni taka zinazooza. Mabaki ya chakula, majani na maganda yakifukiwa chini ya taka nyingine hukosa hewa, na vijidudu vinavyoishi bila oksijeni huyageuza kuwa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani. Ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20, methani hupasha dunia joto takribani mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Kwa miaka 100 ni karibu mara 28. Hukaa angani kama miaka 12 tu, kwa hiyo ukiizuia leo nafuu inaonekana mapema kuliko karibu hatua nyingine yoyote iliyo mikononi mwa halmashauri.

Kwanza jueni mna taka gani. Chukueni rori moja la sokoni na moja la makazi, mlimwage kila moja juu ya turubai pana. Changanyeni kwa koleo mpaka rundo lifanane kote, lisawazisheni liwe duara, ligaweni robo nne. Ondoeni robo mbili zinazotazamana, changanyeni zilizobaki, mgawe tena, hivyo hivyo mpaka ibaki kama kilo 100. Hizo ndizo mnazochambua kwa mkono, glavu na barakoa zikiwepo: vinavyooza upande huu, plastiki kule, karatasi, chupa, nguo, mchanga. Pimeni kila ndoo na kutoa uzito wa ndoo tupu. Rudieni zoezi msimu wa mvua na msimu wa ukame, kwa sababu taka za mvua na za kiangazi hazifanani. Katika miji mingi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, vinavyooza huwa zaidi ya nusu.

Mwalikeni mwenyekiti wa kamati ya fedha asimame hapo turubaini. Akishaona rundo la maganda mabichi yanayochuruzika maji, hoja ya kununua tanuri kubwa la kuchomea taka hupoa yenyewe. Taka mbichi haziungui bila kuongezewa mafuta, na mkataba wa tanuri huwa wa miaka mingi, mara nyingi ukiilazimisha halmashauri kupeleka tani kadhaa kila siku la sivyo ilipe fidia. Wauzaji wa mitambo hiyo wana picha nzuri sana. Waombeni karatasi yenye kipimo cha unyevu wa taka ambazo mtambo wao unaweza kuzichoma, mlinganishe na ndoo zenu.

Sasa fungueni mkataba wa mzoaji. Kama analipwa kwa kila tani inayofika dampo, mmemwajiri mtu mwenye kila sababu ya kutamani taka ziongezeke, na ziwe na maji. Nimeisoma mikataba ya namna hii mingi, na sijaona hata mmoja ambao mzoaji alijitolea kupunguza tani. Mlipeni kwa kaya na masoko anayoyahudumia kwa ratiba, muongeze bonasi kwa kila tani safi ya vinavyooza inayofika uwanja wa mboji, na ada ya kumwaga dampo iwe juu yake. Mizani iwe ya halmashauri, na risiti itoke kwenye mashine yenyewe badala ya kalamu ya mlinzi wa geti. Waokota taka muwape nafasi kwenye mkataba kwa jina la kikundi chao, kwa sababu wao ndio wanaozitenganisha tayari, bila malipo yenu na bila glavu zenu.

Kutenganisha kuanze sokoni. Soko lina geti, lina msimamizi, na taka zake ni safi kwa maana ya kwamba karibu zote ni mboga na matunda. Halafu shule, hospitali na hoteli. Kaya zije mwisho, mkiwa mmeshajua kazi. Milano, jiji la Italia lenye watu kama milioni 1.4, lilianza mwaka 2012 kukusanya mabaki ya chakula nyumba kwa nyumba, eneo baada ya eneo, na kufikia 2014 jiji zima lilikuwa ndani. Kaya zilipewa kikapu chenye matundu ya hewa, ambacho hukausha mabaki na kupunguza harufu. Surabaya, Indonesia, ilienda njia nyepesi zaidi: kikapu cha mboji cha nyumbani kwa njia iliyobuniwa na Mjapani Koji Takakura, kinachotumia vijidudu vya kawaida na pumba za mpunga. Vikapu viligawiwa kwa wingi mitaani, na viongozi wa vikundi vya wanawake ndio waliofundisha majirani.

Uwanja wa mboji hauhitaji mtambo wa mamilioni. Sakafu ngumu yenye mteremko mdogo, matuta yenye kimo cha mita moja na nusu hivi, na mchanganyiko wa vibichi na vikavu. Vibichi peke yake hunuka na majirani watakuja na diwani wao. Changanyeni na majani makavu, matawi yaliyosagwa, pumba. Ndani ya tuta joto lifike nyuzi 55 hadi 65, ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea. Likishuka, geuzeni. Unyevu upimwe kwa kiganja: kamata konzi, ibonyeze, ikitoa matone mengi imezidi, ikivunjika vunjika imekauka, ikishikana na kuacha kiganja kimelowa kidogo, iko sawa. Mteja wa kwanza wa mboji hiyo awe halmashauri yenyewe, kwenye bustani na miti ya barabarani. Miradi mingi ya mboji hufa ikiwa na mboji nzuri ghalani na hakuna aliyepangiwa kuinunua.

Dampo la zamani nalo lina deni lake. Lifunikeni kwa udongo kila siku, zimeni moto, na kama linaendelea kutumika, ulizieni njia ya Fukuoka iliyobuniwa Japani miaka ya 1970: mabomba yenye matundu chini ya taka hutoa maji machafu na kuingiza hewa, taka zinaoza zikiwa na oksijeni, na methani inapungua. Ni teknolojia ya mabomba na mawe, mafundi wenu wanaiweza. Kwenye madampo makubwa gesi inaweza kuvunwa kuzalisha umeme, kama Durban, Afrika Kusini, ilivyofanya kwenye dampo la Mariannhill. Na kama kuna asiyeona haraka ya jambo hili, mkumbusheni dampo la Koshe, Addis Ababa, mwaka 2017: mlima wa taka uliporomoka na kuua watu zaidi ya 100.

Taa, pampu na viyoyozi

Hii ni sehemu rahisi, sitakawia. Taa za LED hutumia takribani nusu ya umeme wa taa za sodiamu au pungufu ya hapo. Zibadilisheni zote, lakini kwenye zabuni andikeni rangi ya mwanga: isizidi 3000K, yaani mwanga wa manjano, na kofia ya taa ielekeze mwanga chini barabarani. Mwanga mweupe wa kibuluu huvuta wadudu wa usiku mpaka wachoke na kufa, hupoteza ndege wanaohama, na pwani hupotosha vitoto vya kasa vinavyotafuta bahari. Mstari mmoja kwenye zabuni unatosha, na bei haibadiliki kwa kiasi cha kulalamikia. Wekeni pia kifaa cha kupunguza mwanga baada ya saa sita usiku mahali pasipo na msongamano.

Kwa mamlaka zinazosukuma maji, kila lita inayovuja ni umeme uliosukumwa ukamwagika. Tafuteni mivujo kabla ya kununua paneli za jua za kuendeshea pampu, la sivyo mtanunua paneli za kumwagilia barabara.

Viyoyozi husahauliwa. Gesi ya R-410A iliyo kwenye viyoyozi vingi ina nguvu ya kupasha joto mara 2,000 hivi kuliko hewa ukaa, na mafundi wengi huiachia hewani wanapofungua mashine. Kwenye mkataba wa matengenezo andikeni kwamba gesi ivutwe kwenye mtungi, mtungi upimwe uzito kabla na baada, na ankara isilipwe bila namba hizo mbili. Karani yeyote anaweza kulisimamia hilo.

Barabara na vibali

Kubadili magari ya halmashauri yawe ya umeme ni kuzuri kwa picha, ila nguvu yenu halisi iko kwenye ramani. Shule ikijengwa kilomita nane kutoka kwenye makazi, mmepanga safari za miaka 50. Kabla ya kupitisha kibali cha mtaa mpya, ulizeni swali moja: mtoto wa miaka kumi anaweza kwenda dukani na shuleni kwa miguu bila kuvuka barabara kuu pasipo kivuko? Kama hawezi, rudisheni mchoro.

Njia za waenda kwa miguu ni bei rahisi kuliko lami, na ndizo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Zilindeni kwa kuziandika kama sehemu ya barabara, katika bei moja, ili asiwepo mtu wa kuziondoa peke yake. Bogotá, Kolombia, hufunga zaidi ya kilomita 120 za barabara kila Jumapili kwa ajili ya baiskeli na miguu, desturi iliyoanza mwaka 1974, na gharama kubwa ni wasimamizi na vizuizi. Mkitaka fedha za mabasi, someni habari ya Nottingham, Uingereza: tangu 2012 mwajiri mwenye nafasi zaidi ya 10 za kuegesha magari ya wafanyakazi hulipa ada kwa kila nafasi, na fedha hizo huenda kwenye usafiri wa umma. Wafanyabiashara walipiga kelele sana mwanzoni. Kilichoiokoa ni kwamba sheria ilitamka fedha zitatumika wapi, na tramu mpya zikaonekana zikipita.

Uoto: kwanza acheni kuuharibu

Halmashauri nyingi zina fungu la kupanda miti na fungu kubwa zaidi la kukata vilivyoota vyenyewe. Anzeni na hilo la pili.

Mkataba wa kufyeka kingo za barabara huandikwa kwa idadi ya mifyeko kwa mwaka. Upunguzeni. Acheni ukanda wa mita moja hivi karibu na lami na kwenye kona ufyekwe daima kwa ajili ya usalama, na sehemu iliyobaki ifyekwe maua yakishatoa mbegu. Nyasi zilizokatwa zikusanywe, zipelekwe kwenye mboji, kwa maana zikiachwa hurutubisha ardhi na kuzipa nafasi nyasi chache zenye nguvu kuyafunika maua. Uingereza, shirika la Plantlife limekuwa likizisukuma halmashauri kufanya hivi hasa, na nyingi zimegundua kuwa dizeli na malipo ya vibarua hushuka. Wananchi watalalamika kwamba mmekuwa wavivu. Ule ukanda uliofyekwa vizuri pembeni hujibu malalamiko mengi kabla hayajaandikwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba pori limeachwa kwa makusudi.

Acheni pia kunyunyiza viuagugu kwenye mitaro na viwanja vya shule. Hilo halihitaji maelezo.

Mitaro ya zege itazameni upya. Kutengeneza tani ya saruji hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa, na mtaro laini wa zege hufikisha mafuriko kwa jirani wa chini haraka zaidi. Pale penye nafasi, mtaro mpana usio na kina, wenye nyasi na mawe ya kupunguza kasi, hupitisha maji, hunywesha ardhi, na vyura huishi humo. Mhandisi atasema kiwango cha wizara hakiuruhusu. Mwombeni akionyeshe kifungu chenyewe, kwa sababu mara nyingi kinachokataza ni mazoea.

Ardhi oevu ni mtambo wa maji taka ambao tayari mnao. Mashariki mwa Kolkata, India, maji taka ya jiji huingia kwenye mabwawa ambamo jua na mwani huyasafisha na samaki hukua humo wakauzwa. Eneo hilo liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Pimeni mipaka ya ardhi oevu zenu, wekeni vigingi, na mziandike kwenye daftari la mali za halmashauri kama mnavyoandika magari. Hapa mnisikilize kama mhasibu: kitu kisichokuwa kwenye daftari la mali hugawiwa viwanja, na hakuna wa kuulizwa kilikwenda wapi.

Sasa miti. Msipande kwenye mbuga za nyasi za asili kwa sababu tu zinaonekana tupu. Zina viumbe wake na zimehifadhi kaboni ardhini. Pandeni mitaani, kandokando ya mito, kwenye viwanja vya shule. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi lakini lisiwe refu kuliko bonge hilo, ili mahali shina linapoanzia mizizi pawe usawa wa ardhi. Mti uliozamishwa huoza shingo taratibu, na mnakuja kuulaumu ukame. Tandazeni matandazo, yasiguse shina. Kamba ya kufungia kwenye mhimili ilegezwe, iondolewe baada ya mwaka. Changanyeni aina nyingi za kienyeji, kwani barabara yenye aina moja ni mlo wa mdudu mmoja.

Gharama kubwa ni kumwagilia misimu miwili ya ukame baada ya picha kupigwa. Mlipeni mkandarasi sehemu anapopanda, sehemu baada ya mwaka wa kwanza na sehemu baada ya wa pili, kwa kuhesabu miti iliyo hai tu. Freetown, Sierra Leone, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ilianza mwaka 2020 mradi wenye lengo la miti milioni moja ambamo kila mche una namba yake kwenye programu ya simu, na wakazi hulipwa kwa kuutunza na kuupiga picha kwa zamu. Durban, kwenye eneo linalozunguka dampo la Buffelsdraai, wakazi walikuza miche nyumbani wakaibadilisha kwa chakula, ada za shule na baiskeli, na msitu wa kienyeji ukaanza kurudishwa kuanzia 2008. Medellín, Kolombia, ilifungua korido 30 za kijani barabarani na kando ya vijito, ikawafundisha watu kutoka mitaa maskini kazi ya utunzaji bustani, na joto kwenye maeneo hayo likashuka kwa takribani nyuzi 2. Katika miji yote mitatu, mtunzaji analipwa. Ukiona mradi wa miti usio na mshahara wa mtunzaji, ujue unaangalia mradi wa picha.

Yaingizeni kwenye bajeti

Mwaka 2017 Oslo, mji mkuu wa Norwe, ilianza kutumia bajeti ya hewa ukaa iliyofungwa ndani ya bajeti ya fedha. Kila hatua ina idara inayowajibika, ina kiasi cha gesi kinachotarajiwa kupungua, na hutolewa taarifa pamoja na taarifa za fedha. Mwenye dhamana ni anayesimamia fedha, na hilo ndilo lililonifanya niupende mfumo huu kuliko mikakati yote ya kurasa 200. Nanyi mnaweza kuuiga kwa safu mbili tu zilizoongezwa kwenye jedwali la bajeti: tani zinazopungua, na jina la cheo kinachojibu. Idara isiyojaza safu hizo isisomewe makisio yake. Jaribuni mwaka mmoja, mtaona wakuu wa idara wanavyojifunza haraka.

Fanyeni mambo mengine mawili. Fungueni mfuko wa mzunguko: fedha iliyookolewa na taa za LED iingie humo badala ya kumezwa na matumizi ya kawaida, igharamie pampu, pampu igharamie viyoyozi. Pili, tengeni asilimia inayolindwa na kanuni. Kaunti ya Makueni, Kenya, ilitunga kanuni mwaka 2015 za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi uliotengewa asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na kamati za wadi ndizo huchagua miradi. Kamati hizo hujua kisima kipi hukauka kwanza. Mshauri wa nje lazima aulizie.

Na mkishaanza kufanya vizuri, watakuja watu wenye suti wakitaka kununua kaboni ya misitu au mikoko yenu, yaani haki ya kujihesabia wao hewa ukaa ambayo miti yenu imeihifadhi. Msikatae papo hapo, wala msisaini siku hiyohiyo. Ulizeni nani anamiliki kaboni hiyo kisheria, halmashauri, taifa au vijiji. Mkataba ni wa miaka mingapi na unavunjwaje. Mgao wenu unakokotolewa kabla au baada ya kutoa gharama zao, na nani anazikagua gharama hizo. Moto ukiteketeza msitu, nani analipa. Na kaboni ikiuzwa kwa kampuni ya nje, je, bado mnaruhusiwa kuihesabu kwenye kitabu chenu? Majibu yawe kwa maandishi, yapitie kwa mwanasheria, yasomwe kwenye mkutano wa wananchi wanaoishi kando ya msitu huo kwa lugha wanayoielewa, na muhtasari wa mkutano uambatanishwe kwenye mkataba kabla kalamu haijatolewa mfukoni.